Peasi la Mfalme, Bomba la Mvua la Rais

Katika miezi ya mwisho ya 2024, Wakenya walikuwa wakitumiana picha za aina moja kwenye simu: vivuli vyeusi tii, visivyo na macho wala mdomo, katika mikao ambayo mkuu wa nchi asingependa kuonekana nayo. Havikuhitaji jina. Umbo peke yake lilitosha. Aliyevitazama alimtambua Rais William Ruto papo hapo, akacheka, akamtumia jirani. Mchoraji alikuwa kijana Gideon Kibet, anayejulikana mitandaoni kama Kibet Bull.

Mkesha wa Krismasi, Desemba 24, alitoweka jijini Nairobi baada ya kukutana na Seneta Okiya Omtatah wa Busia. Ndugu yake naye alitoweka, na vijana wengine waliokuwa wakimkosoa Rais mitandaoni walichukuliwa na watu wasiojulikana katika siku hizo hizo. Polisi walikana kuwashikilia. Desemba 27, akiwa Homa Bay, Rais aliahidi kwamba utekaji utakomeshwa. Desemba 30 waandamanaji waliingia katikati ya Nairobi kudai vijana warudishwe, na Omtatah mwenyewe akawa miongoni mwa waliokamatwa. Januari 6, 2025, Kibet aliachiwa magharibi mwa Kenya, akiwa hai.

Yeyote aliyemchukua aliona kuwa kivuli cheusi kwenye simu kina uzito wa kutosha kumficha mtu kwa karibu wiki mbili. Katika miezi hiyo hiyo magazeti ya Nairobi yalichapisha tahariri ndefu na kali kuhusu kodi, deni la taifa na vifo vya waandamanaji wa Juni 2024. Waandishi wa tahariri hizo walirudi nyumbani kwao jioni. Picha ina kitu ambacho maneno hayana, na wenye mamlaka wamekijua kitu hicho kwa karibu miaka 200.

Miongoni mwa waliokijua mapema kwa machungu ni watawala wa Ufaransa. Mapinduzi ya Julai 1830 yalimweka kwenye kiti cha enzi Louis-Philippe, mfalme aliyejinadi kuwa mfalme wa raia na kuahidi uhuru wa magazeti. Novemba ya mwaka huo huo Charles Philipon, mchoraji na mfanyabiashara ya picha jijini Paris, alianzisha jarida la dhihaka liitwalo La Caricature. Haikuchukua muda kabla mfalme na jarida hawajagombana. Philipon alishtakiwa kwa kumkashifu mfalme, na Novemba 14, 1831, akasimama mbele ya mahakama kujitetea.

Utetezi wake ulikuwa wa kuchora. Louis-Philippe alikuwa na mashavu mazito yaliyoning'inia na utosi uliochongoka kwa jinsi alivyozichana nywele zake. Philipon alichora picha nne. Ya kwanza ilikuwa sura ya mfalme kama alivyo. Ya pili ilifanana na ya kwanza, ila mashavu yamezidi kidogo. Ya tatu ilifanana na ya pili, huku uso ukianza kupoteza utu wake. Ya nne ilikuwa tunda la peasi, chini pana, juu jembamba. Hoja yake ilikwenda hivi: mkiadhibu picha ya kwanza kwa sababu inafanana na mfalme, itabidi muadhibu ya pili inayofanana na ya kwanza, kisha ya tatu inayofanana na ya pili, na mwishowe mtalazimika kulishtaki peasi na kila mkulima anayelipanda.

Hoja hiyo haikumwokoa. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 2,000. Lakini michoro ile minne ilichapishwa, na baada ya hapo Paris ilijaa mapeasi. Watu waliyachora kwa mkaa na chokaa kwenye kuta, na polisi hawakuwa na la kufanya, maana nani atamfunga mtoto aliyechora tunda? Februari 1834, gazeti la pili la Philipon, Le Charivari, lilipoamriwa kuchapisha hukumu liliyopewa na mahakama, liliichapisha neno kwa neno kama sheria ilivyotaka, ila mistari ya herufi ilipangwa ikafanya umbo la peasi.

Mchoraji mkubwa zaidi wa kundi lile alikuwa Honoré Daumier, kijana wa miaka ishirini na ushei. Desemba 1831 alimchora mfalme kama Gargantua, jitu lenye tumbo kubwa lililoketi kitini, ngazi ndefu ya ubao imeegemezwa mdomoni mwake, na watumishi wanapanda na mizigo ya fedha iliyotoka kwa maskini na kuimwaga kooni. Chini ya kiti zinatoka nishani na hati za vyeo kwa wanaomzunguka. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja alielewa kodi yake inakwenda wapi. Daumier alihukumiwa miezi sita, akakitumikia kifungo hicho kuanzia Agosti 1832 katika gereza la Sainte-Pélagie.

Kisha ikaja sheria ya Septemba 1835. Mwezi Julai mtu aitwaye Fieschi alikuwa amejaribu kumuua mfalme kwa kumfyatulia bunduki nyingi kwa mpigo, na serikali ikautumia mshtuko ule kuyabana magazeti. Katiba ya 1830 ilikuwa imekataza kurudishwa kwa ukaguzi wa maandishi kabla ya kuchapishwa. Mawaziri walipita pembeni: walisema katiba inalinda maoni, na maoni ni maneno; mchoro, walidai, unasema na macho ya watu, kwa hiyo ni kitendo. Kuanzia hapo mwandishi aliweza kuchapisha kwanza na kushtakiwa baadaye, lakini mchoraji ilibidi aombe ruhusa kabla. La Caricature lilifungwa.

Ubaguzi ule kati ya kalamu ya mwandishi na kalamu ya mchoraji unaeleza mambo mengi yaliyofuata, kwingine na kwetu. Makala ina aya ya kutetea, ina “inadaiwa”, ina “kwa mujibu wa vyanzo”. Msomaji anaweza kuikubali nusu na kuikataa nusu. Mchoro hauna pa kujificha, wala haumwachii mchorwa pa kujibia. Ukiuona umekwisha kuingia.

Huko New York jambo hilo lilimgharimu William Tweed uhuru wake. Tweed ndiye aliyekiongoza kikundi cha Tammany Hall kilichoshika siasa za jiji hilo, na yeye na wenzake waliiba mamilioni ya dola za umma. Mwaka 1871 Thomas Nast, mchoraji wa jarida la Harper's Weekly, alimwandama wiki baada ya wiki: tumbo kubwa, almasi kifuani, na mara moja, badala ya kichwa, mfuko wa fedha wenye alama ya dola. Inasimuliwa kwamba Tweed alisema hajali magazeti yanaandika nini, kwa kuwa wapiga kura wake wengi hawajui kusoma, bali hizo picha ndizo zinazomtesa. Alifungwa, akatoroka mwishoni mwa 1875, akakimbilia Uhispania. Mwaka 1876 alikamatwa katika bandari ya Vigo, na maofisa wa huko walimtambua kwa kutumia mchoro wa Nast. Alikufa gerezani 1878.

Sasa tazama mchora katuni anafanya nini hasa. Wengi hudhani kazi yake ni kukuza pua na masikio. Hiyo ni sehemu ndogo, na ndiyo iliyo rahisi. Kazi ngumu ni kumtafutia kiongozi kitu kimoja cha kubeba, kitu ambacho kila mwananchi akikiona anakumbuka tukio zima bila kusimuliwa. Na kitu hicho kikiwa kimetoka kwenye mdomo au mkono wa kiongozi mwenyewe, hakuna wakili atakayekiondoa.

Mfano mkamilifu unatoka Afrika Kusini. Mwaka 2006 Jacob Zuma alishtakiwa kwa ubakaji. Mahakama ilimwachia huru mwezi Mei, lakini kabla ya hapo, akitoa ushahidi, alieleza kwamba baada ya kulala na mwanamke ambaye alijua ana virusi vya UKIMWI, alioga ili kupunguza hatari ya kuambukizwa. Aliyesema hayo aliwahi kuwa makamu wa rais na kuongoza baraza la taifa la kupambana na UKIMWI, katika nchi iliyokuwa ikizika watu kila siku kwa ugonjwa huo. Jonathan Shapiro, mchora katuni wa Cape Town ajulikanaye kama Zapiro, akampachika bomba la mvua la bafuni utosini. Lilichomoza nyuma ya kichwa, likajikunja juu, likawa linadondosha tone. Zuma akawa rais wa chama, kisha rais wa nchi mwaka 2009, na bomba likiwa naye. Zapiro aliliinua kidogo alipoapishwa, likawa linaning'inia hewani, kama kumpa Rais mpya nafasi ya kuonyesha kazi, halafu akalirudisha.

Mwaka 2012 bomba lilitoka kwenye karatasi na kupanda majukwaani. Julius Malema, aliyewahi kuwa mtetezi mkubwa wa Zuma, alilitia katika wimbo aliouimba mbele ya wafuasi wake. Hapo mchoro unakuwa umefika mbali kuliko kitu chochote mchoraji anachoweza kupanga, kwa sababu hauhitaji tena mchoraji.

Zuma aliwahi kwenda mahakamani juu ya kazi za Zapiro. Septemba 7, 2008, gazeti la Sunday Times lilichapisha katuni iliyomwonyesha akifungua mkanda wa suruali mbele ya Haki, aliyechorwa kama mwanamke mwenye mizani aliyebanwa chini na viongozi wa vyama vinavyomuunga mkono Zuma. Wakati huo Zuma alikuwa na mashtaka ya rushwa, na washirika wake walikuwa wakizishambulia mahakama hadharani. Alidai fidia ya randi milioni 5. Kesi ilivutwa hadi Oktoba 2012, akaiondoa mwenyewe. Wako waliomlaumu Zapiro, wakiwemo watu wasiompenda Zuma kabisa, kwa kuyafanya mateso ya wanawake kuwa nyenzo ya dhihaka. Lawama hiyo ina uzito. Bomba la mvua lilimuumiza Zuma peke yake. Katuni ile iliwagusa na wanawake waliobakwa kweli.

Hapa ndipo katuni nzuri inapoachana na katuni ya matusi. Septemba 2018 gazeti la Herald Sun la Australia lilimchora mcheza tenisi Serena Williams akiruka kwa hasira, midomo na mwili vimevimbishwa kwa namna iliyowakumbusha wengi michoro ya zamani ya kuwabagua watu weusi. Gazeti lilijitetea kwamba lilikejeli hasira zake uwanjani. Lakini mchoro ule ulichukua kitu ambacho Serena hakukifanya wala kukisema, ngozi na umbo alilozaliwa nalo, ukakifanya ndio kosa. Kwa kipimo hicho hicho hata peasi la Louis-Philippe lilikuwa na dosari mwanzoni, kwani mashavu hayakuwa kosa lake. Lilipata haki yake pale mfalme alipoanza kuwafunga watu kwa ajili ya tunda.

Afrika Mashariki ina ukoo wake mrefu katika sanaa hii, na ukoo huo ulianza kwa kumkwepa mkubwa. Kenya, Edward Gitau alimbuni Juha Kalulu, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, ambalo mhusika wake alikuwa mwananchi wa Nairobi anayecheka ili asilie. Tanzania, katika miaka ya baada ya Azimio la Arusha, Christian Gregory aliwapa wasomaji wa gazeti la Uhuru mhusika Chakubanga, na vituko vyake vikawa kioo cha maisha ya mjini, pamoja na ulevi, uzembe na tamaa. Baadaye jarida la Sani likaleta Lodi Lofa, Kipepe na Ndumilakuwili, kwa kalamu ya Philip Ndunguru na wenzake, na vijana wa miaka ile waliligombania hadi kurasa zikachakaa.

Hao wote hawakuwa na jina la waziri wala la rais. Katika mfumo wa chama kimoja mchoraji alimchora mzembe, msomaji akajaza mwenyewe jina la bosi wake. Ulikuwa ufundi wa mafumbo, na watu wa pwani wanaujua vizuri tangu kwenye kanga na mashairi ya kujibizana: unasema na mlango ukitaka dirisha lisikie. Masoud Kipanya wa Dar es Salaam amebaki mrithi wake hodari. Panya wake mdogo yumo kwenye mchoro, anatazama, na jambo lenyewe linaachiwa mtazamaji alifumbue.

Lakini fumbo lina mpaka. Nalo linampa mkubwa njia ya kusema hakuwa yeye.

Aliyeuvuka mpaka huo kwa ujasiri mkubwa ni Godfrey Mwampembwa, Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kuacha masomo ya usanifu majengo katika Chuo cha Ardhi ili achore. Mwaka 1992 alijiunga na gazeti la Daily Nation jijini Nairobi. Wakati huo ulikuwa mwema kwake: Desemba 1991 Kenya ilikuwa imerudisha mfumo wa vyama vingi, na kumchora Rais Daniel arap Moi, jambo lililokuwa karibu haliwezekani miaka michache kabla, kukaanza kuwezekana. Moi hakuonekana hadharani bila rungu lake, basi wachoraji wakampata kwa rungu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipowashtaki Uhuru Kenyatta na William Ruto kwa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, Gado aliwafunga mguuni tufe zito la chuma na mnyororo. Wakashinda uchaguzi wa 2013, wakaingia Ikulu, wakapigiwa mizinga, na tufe likaburutwa nyuma yao kwenye zulia jekundu, siku baada ya siku, wakati kesi bado zinaendelea. Ya Uhuru iliondolewa Desemba 2014, ya Ruto ilisitishwa Aprili 2016.

Mwaka 2009 Gado alivipa vichwa vya viongozi sauti. Kipindi cha The XYZ Show kilianza kurushwa Mei mwaka huo na Citizen TV, kikitumia vikaragosi vya mpira vyenye sura za wanasiasa, kwa mfano wa vipindi vya Ufaransa na Uingereza vilivyotangulia. Sasa mwanakijiji asiyenunua gazeti alimwona waziri wake akibabaika, akijikanyaga na kujibizana na dhamiri yake.

Yaliyompata baadaye yanaonyesha mchora katuni anaumizwa wapi siku hizi. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku gazeti la The EastAfrican, lililokuwa likiuzwa nchini kwa takriban miaka 20, kwa sababu iliyotajwa kuwa halijasajiliwa. Mwezi huo huo Gado alikuwa amemchora humo Rais Jakaya Kikwete akistarehe, amezungukwa na wanawake waliobeba majina ya maovu yanayolalamikiwa serikalini. Gado akatakiwa kwenda likizo ndefu, na mwaka 2016 mkataba wake haukuhuishwa. Alisema waziwazi kwamba shinikizo la kisiasa ndilo lililomwondoa. Hakupigwa, hakufungwa, hakushtakiwa. Baada ya miaka zaidi ya 20 meza yake ikawa tupu, na wasomaji wa Daily Nation wakafungua gazeti wasikute mchoro waliouzoea.

Wengine walilipa kwa mwili. Ali Ferzat wa Syria alikuwa amezoea kuchora majemadari wasio na majina, hadi vuguvugu la 2011 lilipomfanya amchore Bashar al-Assad mwenyewe, akiwa ameshika begi na kuomba lifti kwenye gari la Muammar Gaddafi anayekimbia. Agosti 25, 2011, watu waliofunika nyuso walimteka Damascus, wakamvunja mikono, wakamtupa kando ya barabara. Walichagua mikono. Nchini Malaysia, Zulkiflee Anwar Haque, aitwaye Zunar, alimchora mke wa Waziri Mkuu Najib Razak na pete kubwa ya almasi kila alipomchora, wakati nchi ikiuliza fedha za mfuko wa taifa zimekwenda wapi. Mwaka 2015 alifunguliwa mashtaka tisa ya uchochezi yaliyoweza kumfunga miaka 43. Najib aliposhindwa uchaguzi wa 2018, mashtaka yakafutwa.

Magazeti yalipoanza kuogopa, michoro ilihamia kwenye simu. Sababu si siasa peke yake. Gazeti linaishi kwa matangazo, na serikali ni miongoni mwa watangazaji wakubwa, kwa hiyo mhariri anayechapisha katuni ya asubuhi anajua nani atapiga simu mchana. Mchoraji mwenye kompyuta ya mkononi hana mhariri wa kumzuia. Kazi iliyohitaji wino, karatasi na mtambo wa kuchapisha sasa inamalizika kitandani na kuwafikia maelfu ya watu kabla ya chai. Ila hana pia mwanasheria wa kampuni, wala mshahara, wala jengo lenye mlinzi getini. Kibet Bull alisimama peke yake kwa namna ambayo Daumier hakusimama. Daumier alikuwa na Philipon, mchapishaji aliyekuwa tayari kufungwa kabla yake.

Na sheria zimemfuata huko huko. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za 2018 ziliwataka wachapishaji wa mtandaoni wawe na leseni, na gharama zake mwanzoni zilizidi shilingi milioni 2. Oktoba 1, 2024, The Citizen liliweka mtandaoni picha jongefu fupi ya mwanamke anayebadilisha chaneli za televisheni, na kila chaneli anakuta watu wakilia juu ya ndugu zao waliotekwa au kupotea. Hakutajwa. Wengi waliona anafanana na Rais Samia Suluhu Hassan. Picha iliondolewa, na kesho yake Mamlaka ya Mawasiliano ikasimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, kampuni inayolimiliki gazeti hilo. Habari zenyewe za watu kupotea zilikuwa zimeandikwa mara nyingi. Kilicholeta adhabu ni mtu kuonekana akizitazama, kisha akibonyeza kitufe zipite.

Teknolojia nayo imeleta tatizo ambalo Philipon hakulijua. Katika wimbi la mwisho wa 2024 nchini Kenya, pamoja na vivuli vya Kibet, zilizagaa picha zilizotengenezwa na akili mnemba, zikiwemo za Rais akiwa ndani ya jeneza. Viongozi walizilaani, na vijana wakajibu kwamba picha haiui mtu. Vyovyote itakavyoamuliwa, ufundi wa vitu hivi viwili haufanani. Jeneza humtakia mtu kifo na kuishia hapo. Kivuli humtaka mtazamaji amtambue mtu kwa matendo yake. Na Wakenya walikuwa wamekwisha kumpa Ruto jina la Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia, miezi mingi kabla Mswada wa Fedha wa 2024 haujawatoa barabarani. Wachoraji walichofanya ni kumpandisha juu ya mkuyu. Bungeni waandamanaji waliingia Juni 25. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo.

Mchoraji mmoja wa Kampala amepata njia nyingine, na inastahili kutazamwa kwa makini. Jimmy Spire Ssentongo hufundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Makerere na amekuwa mchora katuni wa gazeti la The Observer la Uganda. Aprili 2023, akichoshwa na mashimo ya barabara za jiji, aliwaalika wakazi katika maonyesho: kila mmoja apige picha shimo la mtaani kwake na aliweke mtandaoni kama kazi ya sanaa. Picha zilimiminika kutoka kila pembe ya jiji. Watu walizipa majina, wakazisifia kwa lugha ya majumba ya sanaa, wakachora juu yake. Wakubwa hawakuwa na mchoraji mmoja wa kumwita ofisini, kwa sababu waliochora walikuwa maelfu, na ushahidi wenyewe ulikuwa barabarani kila mtu aupite na gari lake. Katika siku hizo hizo Rais Yoweri Museveni aliagiza Wizara ya Fedha itoe shilingi bilioni 6 za Uganda kwa mamlaka ya jiji ili mashimo yazibwe.

Baada ya barabara maonyesho yalihamia hospitalini, kwenye wodi na vyoo vyake. Februari 2024 ikafika zamu ya Bunge, ambapo Ssentongo na wanaharakati wenzake walianza kuanika nyaraka za posho na malipo, karatasi moja baada ya nyingine. Spika Anita Among alizipuuza akiwa kitini pake, akisema hatajibu maneno ya mitandaoni. Nyaraka ziliendelea kutoka hadi Machi.